Makosa Saba ya Teódulo Wattley

Jumanne, 6 Januari 1987

Kiwanda kimeanza kusaga miwa leo. King'ora kililia kabla ya jua, na ilipofika saa mbili majivu ya mashamba yaliyochomwa yalikuwa yakishuka juu ya Santa Brígida, meusi na mepesi, mengine yakitua ndani ya kikombe changu cha kahawa. Kwa miezi mitano kila mtu hapa atakuwa na kazi, na kila Jumapili kutakuwa na besiboli. Halafu king'ora kitanyamaza na utaingia ule ambao watu wa hapa huuita wakati mfu: kiwanda hulala, na mwenye uhakika wa chakula ni yule tu ambaye jina lake limo kwenye orodha ya mwaka mzima. Wachezaji wa timu wamo kwenye orodha hiyo. Ndiyo maana hapa mpira si mchezo tu.

Nimenunua madaftari mawili. Kubwa ni la mchezo, la kumi na nne tangu nilipokabidhiwa kazi ya kuandika. Dogo ni hili. Nina miaka sitini na minane, na nataka kuona kama naweza kusema kweli mahali ambapo hakuna anayenikagua.

Jumapili, 11 Januari

Mchezo wa kwanza. Tumeshinda, mikimbio mitano kwa mitatu. Fausto Guridi alipiga vizuri mara mbili, na mara ya pili mpira ulivuka uzio ukaangukia ndani ya behewa la miwa lililokuwa likipita. Watu wamelizungumza behewa hilo jioni yote.

Meza yangu iko pale pale, chini ya bati, nyuma ya mpigaji. Kazi yangu ni nyepesi kueleza. Mpira ukipigwa usidakwe, ninaamua mimi peke yangu: ama ni pigo safi, sifa ya aliyepiga, ama ni kosa, aibu ya mlinzi aliyepaswa kuudaka. Hakuna rufaa. Jumatatu asubuhi nabandika hesabu kwenye mlango wa Chago kinyozi, na kufikia mchana kila mwanamume mahali hapa amezikariri kama sala.

Nilikula kwa Doña Eduviges, kama kila Jumapili tangu mke wangu Hortensia alipofariki, miaka minane sasa. Kati ya nyumba yake na yangu kuna ukuta wa mbao tu; chakula kikiiva, anaugonga. Marehemu mumewe alikuja kukata miwa kutoka visiwa vya Waingereza. Kumebaki jina lake, Wattley, na mikate ya kukaanga na samaki wa chumvi aliyomfundisha mkewe kupika. Mwana wao Teódulo ana miaka ishirini na minane. Anapaka grisi mashine za kiwanda, na ndiye mlinzi wetu wa nyuma, katikati. Anakula kimya. Akimaliza huosha sahani yake mwenyewe.

Jumapili, 18 Januari

Mpira ulipigwa juu, mbali, katikati ya Teódulo na Fausto anayelinda kushoto. Fausto hakusogea. Teódulo alikimbia (baada ya mchezo nilikwenda kuzipima kwa miguu yangu: hatua arobaini na mbili), akajirusha, mpira ukagusa ncha ya glavu yake, ukaanguka. Uwanja mzima ulinigeukia.

"Mkuba, huo pigo safi!" Chago alipaza sauti. "Huo hata mwewe asingeufikia."

"Umegusa glavu," nilisema.

"Umegusa kwa sababu alifika! Mtazame mwenzake pale, hata kivuli chake hakijahama."

Sauti nyingine ikatoka nyuma, sikuona ya nani: "Mwacheni mzee. Ana miadi na samaki wa chumvi. Leo ataandika kwa tumbo."

Watu walicheka. Niliandika kosa.

Miaka ishirini na sita nimeishi hapa. Nimewafundisha hesabu nusu ya watu waliokuwa wakicheka, na bado mimi ni Mkuba. Nilitoka Matanzas, kule Kuba, na sanduku moja la nguo na vitabu vinne. Mgeni hana mjomba wa kumtetea. Ana jina lake tu, na jina langu hapa ni kwamba sipendelei mtu.

Doña Eduviges aliniongezea samaki. "Kula, Don Evelio, umekonda kama penseli yako."

Teódulo aliosha sahani yake.

Jumapili, 25 Januari

Tumeshinda. Upepo na majivu. Kosa la pili la Teódulo.

Jumapili, 1 Februari

Kosa la tatu la Teódulo: tena mpira wa mbali, tena ncha ya glavu. Mchezo huo huo mpira mwepesi ulianguka hatua kumi mbele ya Fausto, naye akautazama ukitua kama anavyotazama mtu mbuzi wa jirani akila majani ya jirani. Hakuugusa. Asiyeugusa mpira hana kosa. Sheria ni hiyo. Niliandika pigo safi.

"Mwalimu," aliniambia Fausto baadaye, akinikumbatia bega, "mpira usionifuata mimi siufuati. Mimi na mpira tuna heshima zetu." Hata mimi nilicheka. Ni kijana wa kupendeka, na akisimama na gongo la kupigia mpira mkononi wanawake huacha kuuza.

Jumapili, 8 Februari

Tumeshinda. Teódulo alipiga mara nne, hakupata kitu.

Jumatano, 11 Februari

Bomba la mvuke limepasuka kiwandani na kumuunguza Teódulo mkono wa kushoto, kutoka kiwiko hadi kifundo. Mama yake ameufunika kwa shubiri na kitambaa safi. Daktari amesema asicheze wiki nne. Teódulo alimuuliza kama anaweza kukimbia tu, bila kudaka.

Jumapili, 15 Februari

Tumeshindwa, tisa kwa nne. Fausto alihamia katikati. Chichí Lantigua, mrushaji wetu, alirusha ovyo.

Jumapili, 22 Februari

Tumeshindwa. Chichí tena.

Jumapili, 1 Machi

Tumeshinda kwa taabu, kumi na moja kwa kumi. Fausto alipata matatu. Mchezo ulichukua saa nne, watu walishangilia mpaka wakakauka koo.

Jumapili, 8 Machi

Tumeshindwa. Kwenye ukingo wa daftari kubwa niliandika: *mrushaji amechoka*. Chichí alikuja kunywa maji akaona.

"Ni kweli, Mwalimu," alisema. "Nimechoka. Nimechoka kugeuka kutazama nyuma."

Nilidhani ni kisingizio.

Jumapili, 15 Machi

Teódulo amerudi, mkono bado una kitambaa. Tumeshinda mawili kwa moja. Mchezo wa kuchosha: mipira ilipaa na kudakwa, ilipaa na kudakwa. Watu waliondoka mapema.

Jumapili, 5 Aprili

Baada ya mchezo Liborio Peguero alinifuata hadi nyumbani. Ndiye kocha wetu, na siku za kazi ni mnyapara wa mabehewa. Hajawahi kuketi kwangu. Leo aliketi.

"Msimamizi wa kiwanda amepunguza orodha ya mwaka mzima," alisema. "Timu imekatwa jina moja, na anataka liwe la mlinzi wa nyuma. Yule wa kulia ni mtoto wa fundi mkuu, huyo haguswi. Wamebaki Fausto na Teódulo. Mmoja anapiga, mmoja anadaka."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nina mdomo tu. Wewe una madaftari. Msimamizi anaheshimu namba. Niandikie karatasi, niipeleke."

"Teódulo ni jirani yangu, Liborio. Nakula kwao."

"Ndiyo maana ninakuja kwako. Wewe ukiandika, hakuna atakayesema umependelea."

Ilinipendeza kusikia hivyo. Naandika hapa kwa kuwa ni kweli: ilinipendeza mno.

Jumanne, 7 Aprili

Karatasi imeandikwa. Fausto: michezo kumi na mitatu, amesimama kupiga mara hamsini na mbili, mapigo safi kumi na saba, kosa moja. Teódulo: michezo tisa, mara thelathini na sita, mapigo saba, makosa saba. Kwa lugha ya mlango wa kinyozi: mmoja akisimama mara tatu anapata moja, mwingine mara tano ndipo apate moja, na juu ya hapo anaangusha.

Mwishoni niliongeza sentensi ambayo sikuombwa: *Kwa vipimo vyote viwili, Guridi ndiye bora.*

Niliweka sahihi bila kusita. Nilijisifu kwa hilo.

Ijumaa Kuu, 17 Aprili

Doña Eduviges aligonga ukuta nikaenda. Maharage matamu, ya maziwa na viazi vitamu, bakuli kubwa kuliko la mwanawe.

"Wakati mfu ukiingia," alisema akiangalia dari, "Teódulo atabadilisha hizi bati. Mwaka jana mvua ilitufuata mpaka kitandani."

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo," mwanawe alimjibu.

"Mwaka jana ulikuwa na uvivu. Mwaka huu una mkono mbovu. Mwaka ujao utakuwa na mke, basi tena."

Nilikula bakuli lote. Sikuacha hata kijiko.

Alhamisi, 23 Aprili

Orodha imebandikwa kwenye lango la kiwanda. Jina la Teódulo halimo. Kazi yake itakwisha siku ile king'ora kitakapolia mara ya mwisho.

Kupitia mbao za ukuta nilimsikia mama yake akisema, "Wasome tena. Wameruka mstari." Na yeye: "Hawajaruka, mama."

Jumapili, 26 Aprili

Nimesikia kwa Chago kwamba Teódulo ameulizia mashua zinazovusha watu kwenda Puerto Rico kwa magendo. Mwezi uliopita moja ilizama. Kila mtu hapa anamjua mtu aliyemjua mtu aliyekuwemo. Chago alinisimulia huku akininyoa, akanitazama kwenye kioo muda mrefu kuliko kawaida.

Katika mchezo wa leo mpira ulipigwa mpaka karibu na uzio. Nilikuwa nimeshaanza kuandika pigo safi. Teódulo alikuwa ameupa uwanja mgongo, anakimbia bila kutazama, kisha akanyoosha mkono ule wa kovu juu ya bega, na mpira ukamwingia kama ndege anayerudi kiotani. Nilifuta. Katika mchoro mdogo wa uwanja ninaouweka kwenye kila ukurasa (mazoea ya Matanzas, hapa hakuna aliyewahi kuniomba) niliweka nukta mahali alipoudakia. Basi. Hesabu za mlangoni hazina safu ya kitu kama hicho.

Chichí alisimama mbele ya meza yangu baada ya mchezo. Hakuwa amekasirika. Ingekuwa rahisi zaidi angekasirika.

"Ule wa uzioni umeuandika wapi?"

"Nimeuwekea nukta."

"Unazo nukta zote? Za msimu mzima?"

"Ninazo."

"Basi zihesabu, Mwalimu. Ulitufundisha wewe mwenyewe: kabla ya kutoa jibu, soma swali lote."

Ukuta uligongwa. Nilijibu kwamba tumbo linaniuma.

Jumatano, 29 Aprili

Nimehesabu siku tatu. Nimerudia mara nne kwa sababu sikutaka jibu nililolipata.

Nilichukua kila mpira uliopigwa hewani kuelekea katikati ya uwanja wa nyuma na mapengo yake mawili. Teódulo alipolinda pale, michezo kumi na mmoja: mipira sitini na minne, ilidakwa hamsini na miwili, ilianguka kumi na miwili. Fausto alipolinda pale, zile Jumapili nne za mkono ulioungua: mipira ishirini na mitano, ilidakwa kumi na mitatu, ilianguka kumi na miwili.

Kumi na miwili katika michezo minne. Kumi na miwili katika michezo kumi na mmoja.

Maana yake ni kwamba kila Jumapili Fausto huachia mipira mitatu na Teódulo mmoja. Tofauti ni miwili. Sasa gongo: kufikia Jumapili iliyopita Fausto ana mapigo ishirini kwa michezo kumi na mitano, Teódulo ana tisa kwa kumi na mmoja. Tofauti kwa kila mchezo ni nusu pigo. Mpira unaoanguka kwetu ni pigo la wapinzani. Pigo linalozuiwa lina uzito ule ule wa pigo linalopatikana, ila tu halina shangwe. Fausto anatuletea nusu kwa mkono mmoja na kutoa mawili kwa mwingine, nasi tunapiga makofi tukiangalia mkono ule unaoleta.

Nilijaribu kujitetea. Michezo minne ni michache. Labda upepo. Labda Chichí kweli alichoka. Basi nikaikata ile tofauti ya miwili nikaacha mmoja. Mmoja bado ni mara mbili ya nusu.

Halafu nikayatazama makosa. Ni saba. Nilifuata kila moja kwenye mchoro. Sita kati yake yako mahali ambapo nukta za Fausto hazijafika hata siku moja. Hayo sita niliyaandika kwa sababu Teódulo alikuwa na miguu ya kufika. Angesimama akatazama, kama mwenzake, angekuwa na kosa moja na jina safi.

Na hilo bado si la mwisho. Nilifungua kurasa za walinzi wengine wa msimu huu, wetu na wa wapinzani, waliogusa kwa ncha ya glavu mpira wa mbali wakauangusha. Niliwapata tisa. Wote tisa nimewaandikia pigo safi. Ni yeye peke yake niliyemwandikia kosa.

Sikumchukia. Ningekuwa nimemchukia ningelijua hilo na kujihadhari. Nilikuwa nimekula kwao, na nilikuwa nahofia sauti ile ya nyuma yenye samaki wa chumvi. Kila Jumapili nilimtoza yeye ili mimi nionekane msafi. Nimefundisha watoto mizani miaka mingi, namna ya kuweka kidole mbali na sahani. Hakuna aliyewahi kuniuliza itakuwaje mtu akikandamiza upande ule mwingine, ule usio na rafiki yake, na kujiita mwadilifu.

Ijumaa, 1 Mei

Nilimpelekea Liborio hesabu mpya. Alizisoma amesimama kati ya mabehewa.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Nina macho, Mwalimu. Lakini macho hayabandikwi mlangoni. Na msimamizi anampenda Fausto. Nilitaka wewe unisaidie kumkatalia. Wewe ukanipa karatasi ya kumkubalia. Nifanyeje? Ningesema Mkuba hajui hesabu?"

Tulikwenda kwa msimamizi. Ni mtu mpole, alitupa viti. "Don Evelio, orodha imeshakwenda makao makuu. Uliniletea karatasi safi kabisa, fupi, inaeleweka. Sasa unaniletea kurasa tano zinazoikanusha. Nikipeleka hizi, wataniuliza niliamini nini mwezi uliopita." Alinisindikiza mpaka mlangoni. Ni sahihi yangu mwenyewe iliyotushinda.

Jumatatu, 4 Mei

Nimebandika kwenye mlango wa kinyozi, juu ya hesabu za kawaida: *Makosa ya T. Wattley yaliyoandikwa msimu huu yalikuwa ya mwandishi. Yamefutwa. E. Arrechea.*

Nilisimama pale kwa makusudi.

"Haya, samaki amelipa," alisema mmoja. Ilikuwa sauti ile ile ya Januari. Niligeuka nikamwona: mwanafunzi wangu wa zamani, mtu mwema tu, anauza barafu. Huyu ndiye niliyemwogopa.

"Mkuba amezeeka," mwingine akasema. "Mwakani atajifutia na uzee wake."

Chago alitoka na wembe mkononi, akasoma mara mbili. "Makosa saba yote?"

"Yote."

Alinitazama kama mtu aliyetaka kuuliza kitu, akaacha, akarudi ndani kwa mteja wake.

Jumapili, 10 Mei

Mvua. Mchezo umeahirishwa. Niligonga ukuta mimi, mara ya kwanza katika miaka minane, kisha nikazunguka kwa mlangoni.

Doña Eduviges alikuwa peke yake, anakanda unga. Sufuria tatu sakafuni zilikuwa zikipokea maji ya dari. Nilimweleza nikiwa nimesimama: karatasi ya Aprili, ile sentensi ambayo sikuombwa, makosa na sababu yake. Hakuacha kukanda mpaka nilipofika kwenye sababu.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

"Ijumaa Kuu ulikuwa umeshaandika?"

"Siku kumi kabla."

"Na ukala maharage."

Niliitikia kwa kichwa.

"Miaka minane nakupikia, Don Evelio. Ulidhani nanunua nini?"

"Sikudhani unanunua. Niliogopa watu watadhani."

"Watu." Alifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Uliogopa watadhani nini watu. Mimi nitadhani nini, hilo hukuliogopa. Mimi ni nani? Mimi ni sufuria tu." Alisogeza sufuria moja chini ya tone jipya. "Kilikuwa chakula. Mtu mzima amefiwa, anakula mkate mkavu na vitabu vyake, unamgongea ukuta. Hakikuwa kitu kingine."

"Najua sasa."

"Ulipaswa kujua wakati unameza." Akaurudia unga. "Nenda nyumbani. Sikufukuzi, ila leo siwezi kukutazama ukitafuna. Siku nikiweza, utasikia."

Jumapili, 17 Mei

Mvua. Hakuna mchezo. Ukuta kimya.

Jumapili, 24 Mei

Mchezo wa mwisho wa msimu, kwenye matope. Tumeshinda. Teódulo amedaka mipira saba, sita kati yake rahisi kwa sababu alifika mapema. Sasa naona kwamba huko ndiko kudaka: kufanya kitu kigumu kionekane hakikuwa kazi. Niliwatazama watu wakimtazama Fausto.

Jioni, bado kuna mwanga, Teódulo alikuja. Ni mara ya kwanza kuja kwangu bila sahani iliyofunikwa mkononi.

"Mama ameniambia," alisema.

"Teódulo, mimi—"

"Sikuja kwa hayo, Don Evelio. Hayo yaache." Hakuketi. "Kiwanda cha Las Mercedes wanatafuta mlinzi wa nyuma. Kocha wao anaijua hesabu ya mlangoni tu. Karatasi ilinitoa hapa. Nataka karatasi iniingize kule. Nimemwahidi mama nitajaribu Las Mercedes kwanza. Wakinikataa, kuna mashua tarehe tano Juni."

"Nipe siku mbili."

"Andika nukta," alisema. "Chichí ameniambia habari ya nukta."

Jumatano, 27 Mei

Niliandika kurasa tatu kwa mwandiko wa darasani. Mipira yote, mahali pake, hatua alizokimbia. Michezo minne bila yeye na kumi na mitatu akiwemo. Nilieleza kwa mtu asiyependa namba kwa nini mrushaji wa kawaida huwa mrushaji mzuri mlinzi huyu akiwa nyuma yake. Nilikiri karatasi ya Aprili. Na mwisho: *Makosa yote saba aliyoandikiwa yalikuwa ya mwandishi, si yake.* Niliisoma tena, nikaona ni kazi bora niliyoandika tangu Matanzas, na kwa mara ya kwanza baada ya mwezi nikalala vizuri.

Asubuhi alikuja amevaa shati la Jumapili. Alisoma mlangoni, taratibu, midomo ikisogea kidogo kama alivyokuwa akisoma darasani akiwa na miaka tisa. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Kwenye wa tatu akasimama.

"Hili la saba," alisema.

"Lina nini?"

"La Machi ishirini na tisa. Lile lilikuwa langu."

"Mkono ulikuwa bado haujapona."

"Mkono ulikuwa mzima. Mpira ulinijia hapa." Alijigusa kifua. "Sikuhama hata hatua. Nilikuwa nawaza mengine, nikauangusha. Hata mama angeudaka huo, na unga mikononi."

Nilijua. Nukta yake nilikuwa nimeiona Aprili, katikati kabisa ya uwanja, mahali ambapo mtoto angeudaka; nilikuwa nimehesabu sita, nikabandika saba mlangoni, na sasa nimeandika saba tena.

"Nilitaka uende ukiwa msafi," nilisema.

"Tulikuwa tukicheza na nani siku ile, Don Evelio?"

Nilifungua daftari ingawa sikuhitaji. Las Mercedes.

"Mwandishi wao alikuwa ameketi kando yako," alisema. "Aliona. Akisoma hili la saba, atayaamini yale sita?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemweleza mwenzake upepo unakotoka. Januari nilimtwika yasiyokuwa yake kwa kuogopa watu; Mei nilimfutia lililokuwa lake kwa kumwogopa yeye, na mama yake, na huu ukuta. Mara zote mbili sikuwa nikiuangalia mpira.

"Lirudishe," alisema. "Mimi nitalibeba. Ni moja tu."

Alinirudishia ukurasa wa tatu. Nilivuta karatasi mpya, nikachovya kalamu, na tone likaangukia mezani kabla sijaandika. Nilidhani atasubiri hapo hapo akinitazama, na ningestahili. Badala yake alitoka hadi kizingitini, akaegemea mhimili, akanipa mgongo, kama mtu anavyomgeuzia mgongo mwenzake aliye uchi ili apate kuvaa.